"Hata mimi ningefanya": uvumbuzi upi umezidi kuwa wazi hata usipewe hataza?

Mbuzi ya umeme tunaijua sote, Unguja na Pemba. Mota imefungwa kwenye meza ya mbao, mbele kimechomoza chuma chenye kichwa cha meno, muuzaji kashika nusu ya nazi kwa mikono miwili anaisukumia pale mpaka kifuu kinabaki kitupu, na nazi yako imeshashuka kwenye beseni kabla hujapata kutoa pesa mfukoni. Akisukuma kupita kiasi lile ganda la kahawia nalo linakwaruzwa linaingia, tui linakuwa na rangi ya udongo, na mama nyumbani anajua tu kuwa nazi hii imekunwa sokoni. Sasa suala langu, na naliuliza kwa dhati kabisa: yule mtu wa mwanzo alofunga mota kwenye mbuzi, angekwenda kuomba hataza, ile wengi wanayoiita patenti, alikuwa apewe?

Tusilichukulie kama suala la mchezo. Hataza ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, na ndani ya miaka hiyo hakuna fundi mwengine anoweza kutengeneza kitu kile, kukiuza wala kukiingiza nchini bila ya ruhusa ya mwenyewe. Kwahiyo angepewa, mafundi wote wa Mwanakwerekwe, Darajani, Chake na Wete walofunga mota kwenye mbuzi zao wangekuwa wanavunja sheria, na hao wengi wao walifanya kwa akili zao wenyewe bila ya kumuiga mtu.

Ukiliuliza suala hili barazani utapata majibu mawili. Mmoja atasema apewe bwana, kabuni, kwani wengine walikuwa wapi? Mwengine atacheka, apewe ya nini, kufunga mota kwenye mbuzi hata mimi ningefanya. Mimi nnavyoona wote wawili wana kitu lakini hawajafika, na huyu wa pili ndo wa hatari zaidi kwa sababu anaonekana ana akili, na jibu lake linaweza likaua uvumbuzi wa kweli pamoja na wa uongo.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Mambo ya hataza si ya Muungano. Bara wana sheria yao ya 1987 na BRELA yao, wakala wa usajili wa biashara wa huko, sisi tuna Sheria ya Mali za Viwandani ya Zanzibar, namba 4 ya 2008, na usajili uko Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Masharti makubwa ni matatu na karibu dunia nzima ni hayo hayo, mana yamo kwenye mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 27: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, na kiweze kutumika kwenye uzalishaji. La kwanza unatafuta, ukikikuta kipo mahali kimeshakwisha. La tatu halina shida. Ugomvi wote uko la katikati, kwa sababu kitu kinaweza kuwa kipya kabisa, hakijawahi kuonekana na mtu, na bado kikawa wazi mno, yaani mtu yeyote wa fani angekifikia bila ya taabu. Njumu za shaba kwenye milango yetu ya Mji Mkongwe, mtu akija na njumu za plastiki pengine ni mpya, lakini amefanya nini? Kabadilisha mali tu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya namna hiyo mwaka 1851, Hotchkiss dhidi ya Greenwood, vishikio vya milango vya udongo wa kauri badala ya chuma au mbao, wakasema hii ni kazi ya fundi wa kawaida na si ya mvumbuzi. Kutoka hapo ndo ikaanza kujengeka hii habari nzima ya uwazi, mpaka ikaja kuandikwa ndani ya sheria yao mwaka 1952.

Fundi wa kawaida. Huyu ndo mtu anopimiwa, na hapa ndo watu wanapopotea, kwa sababu huyu fundi hayupo. Ni mtu wa kufikirika, anajua kila kilichokuwepo kwenye fani yake hadi siku ile, kila mashine na kila karatasi, mikono yake mizuri, ila hana ile cheche. Si profesa wala si mpita njia. Kwahiyo mtu akisema "hata mimi ningefanya" la kumuuliza kwanza ni wewe nani? Ukiwa karani wa benki hukumu yako haina uzito, na ukiwa ni fundi hodari kupindukia ambae kila wiki anabuni kitu pia haina uzito, kwa sababu kwako wewe mambo mengi ni wazi ambayo kwa wenzako si wazi hata kidogo.

Waingereza wana njia yao ya kulipima hili, imetoka kwenye kesi ya Windsurfing International dhidi ya Tabur Marine ya mwaka 1985, baadae ikapangwa upya kwenye kesi ya Pozzoli mwaka 2007. Nikiipeleka kwenye mbuzi inakuwa hivi. Unamtafuta yule fundi na anachokijua, hapa ni fundi wa vyombo vya jikoni anojua mota na anojua mbuzi. Unauliza kiini cha uvumbuzi ni nini, meno ya mbuzi yazungushwe na umeme badala ya mkono kuizungusha nazi. Unatizama tofauti baina ya hicho na kilichokuwepo. Kisha unajisahaulisha kuwa umewahi kuiona mbuzi ya umeme, na unauliza ile tofauti ingemjia fundi wetu yenyewe kwa kawaida ya kazi yake au ilitaka akili ya ziada. Kwenye mbuzi jibu nnalo: ingemjia. Kishaona kinu kimekuwa blenda, kishaona cherehani ya mguu imekuwa ya mota, kishaona msasa wa mkono umekuwa mashine, sasa umeme umefika na mota chakavu za kuokota zipo, ataacha kuifunga kwenye mbuzi kwa nini?

Marekani nao walifika hapo hapo kwa pedeli ya gari. KSR dhidi ya Teleflex, mwaka 2007, majaji wote tisa kwa sauti moja. Pedeli ya kusogezwa mbele na nyuma ilikuwepo, sensa ya umeme, kile kifaa cha kuhisi pedeli imekanyagwa kiasi gani, ilikuwepo, Teleflex wanadai hataza ya kuifunga sensa kwenye pedeli pale pasipocheza. Mahakama ya chini ilikuwa ngumu, inataka uoneshe karatasi au mafunzo yanosema changanya hiki na hiki. Mahakama Kuu ikaona huko ni kumfanya fundi kama hana ubongo, na fundi wa kawaida nae ana ubunifu wa kawaida, vitu viwili vinavyojulikana ukiviunganisha kila kimoja kikafanya kazi yake ile ile na matokeo yakawa yale yale yaliyotarajiwa basi mara nyingi hapo hakuna uvumbuzi. Mbuzi ya umeme ni pedeli ya KSR yenye nazi.

Ila sasa nimgeukie yule wa "hata mimi ningefanya", mana nshampa ushindi kwenye mbuzi na asije akavimba kichwa.

Kitu kikishafanywa huwa rahisi. Ni kitendawili hicho, ukitegewa unazunguka mji mzima unakosa, unatoa mji, ukiteguliwa tu unasema aa, nilikuwa nakijua. Wakaguzi wa hataza na majaji wana ugonjwa huo huo, na wanajua kuwa wanao, mana wanalisoma ombi likiwa tayari lina jibu ndani yake. Ofisi ya hataza ya Ulaya imejiwekea suala la kujikinga: si kwamba fundi angeweza kufanya, bali angelifanya kweli, kwa sababu gani, akitafuta nini? Tofauti ya "angeweza" na "angefanya" ni kubwa sana. Mimi naweza kupanda mnazi. Sipandi.

Mfano wangu naoupenda ni wa kikombe cha mtoto. Mandy Haberman, mama wa Kiingereza, alimuona mtoto akimwaga juisi kwenye zulia, akatengeneza kikombe cha kufundishia mtoto kunywa ambacho mdomo wake una vali, mtoto akinyonya kinapitisha, akikitupa au akikigeuza hakivuji. Kampuni ya Jackel ikatoa kikombe kinachofanana, wakafika mahakamani mwaka 1999. Wenye Jackel wakasema hii ipo wazi, vali za namna hii zinajulikana zamani, vikombe vinajulikana zamani. Na kweli, ukikitizama kile kikombe unasema hivi na hichi nacho ni uvumbuzi? Jaji Laddie akauliza masuala ambayo kila baraza lingepaswa kuyauliza: tatizo lilikuwepo muda gani? Waliokuwa wanalitafutia dawa walikuwa wangapi? Vifaa vya kulitatua vilikuwepo tangu lini? Kama vilikuwepo miaka yote hiyo, na vikombe vinavuja, na mama wote wanalalamika, na viwanda vinashindana kuuza, kwa nini hakuna alofanya? Haberman akashinda.

Sasa ona, hilo ni lile suala la yule wa mwanzo barazani, "wengine walikuwa wapi?", ila limeulizwa kwa kutaka jibu. Kwenye mbuzi wengine walikuwa wapi? Walikuwa wanangojea umeme ufike na mota zishuke bei. Vikafika, wakafanya, kila mtu kwake. Kwenye kikombe wengine walikuwepo, wana kila kitu mkononi, na hawakufanya. Hapo ndo panapopambanua, na mimi nashikilia hili kuliko majaribio yote ya vitabuni: usitizame kitu ni rahisi kiasi gani, tizama waliokuwa na haja nacho na vifaa navyo walikaa muda gani bila kukifanya.

Kuna aina nyengine ambayo ni nzuri zaidi, ni pale ambapo kila mtu wa fani anaamini haiwezekani. Siku ile ile ya mwaka 1966 ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Graham dhidi ya John Deere, kesi ya plau ambayo hataza yake ilianguka, iliamua pia kesi ya betri ya Adams, na hii ikasimama. Adams alitumia magnesiamu na kloridi ya shaba, ukitia maji ya kawaida inaanza kutoa umeme. Madini yale yalijulikana, hakuna kipya hata kimoja peke yake, lakini ujuzi wa wakati ule ulikuwa unamwambia fundi usiende huko, na wataalamu wa jeshi alipowapelekea mwanzo hawakuamini kuwa itafanya kazi. Baadae serikali hiyo hiyo ikaitumia. Ukitaka picha ya hapa kwetu, tuseme mtu wa Pemba aje na njia ya kulundika karafuu mbichi kwanza kabla ya kuanika na zikatoka bora zaidi. Kila mtoto wa Pemba kalelewa akijua kuwa karafuu mbichi ukizilundika zinapata moto na kuvunda, unatakiwa uzichambue makonyo na uzitandaze majamvini upesi kabla mvua haijakushtukiza. Huyo mtu akithibitisha njia yake basi kaenda kinyume na ujuzi wa kisiwa kizima, na hapo hakuna wa kumwambia hata mimi ningefanya. Lakini akija na sanduku la nailoni la kukaushia karafuu kwa jua, jamani, dagaa wanakaushwa hivyo, maembe yanakaushwa hivyo, karafuu zina tofauti gani? Sanduku la nailoni ni sanduku la nailoni.

Sasa twende kwenye linalonikera, nalo ni huyu fundi anajua nini na nani anaamua kuwa anajua.

Nimesema kesi ya Windsurfing. Ukikaa Paje kaskazi ikivuma unawaona wageni na vijana wetu wamejaa majini na matiara yao, ila kabla ya matiara ulikuwepo ubao wenye tanga, mtu kasimama juu anashikilia tanga kwa mti uliopinda kama upinde pande zote mbili. Hataza yake iliombwa Marekani mwaka 1968. Kwenye kesi ya Uingereza ikaja ikagundulika kuwa mtoto wa miaka 12, Peter Chilvers, alikuwa akicheza na ubao wake wenye tanga Hayling Island, kusini mwa Uingereza, mwaka 1958, mbele ya macho ya watu. Wake ulikuwa na vijiti vilonyooka badala ya mti uliopinda, ila upepo ukishika tanga vilikuwa vinajipinda vyenyewe. Mahakama ikasema hataza haisimami, kilichobaki kilikuwa wazi kwa mtu yeyote wa fani. Mchezo wa mtoto ufukweni ukaangusha hataza ya kampuni. Nzuri sana. Lakini mtoto yule alikuwa Hayling Island, walokuwepo walikuwa Waingereza, na mashahidi walipatikana kwa lugha ya mahakama. Ingekuwa ni mtoto wa Makunduchi na ngalawa yake ya kuchezea sikwambii.

Na sisemi hili kwa wivu tu. Kwa sheria ya Marekani ilivyokuwa mpaka Machi 2013, kitu kilichotumika hadharani nje ya Marekani bila ya kuchapishwa popote hakikuhesabiwa. Kitumike Marekani kilikuwa kinahesabiwa, kitumike Unguja kwa miaka mia mbili na bibi zetu kilikuwa hakihesabiwi mpaka mtu akiandike na achapishe. Ndo mana manjano yalichukuliwa. Mwaka 1995 chuo cha tiba cha Mississippi kikapewa hataza ya kutumia manjano kuponyesha vidonda. Manjano! Kitu ambacho hapa mtoto akikwaruzika bibi anakwenda nacho jikoni bila ya kufikiri mara mbili. Wahindi, kupitia baraza lao la utafiti wa sayansi, wakaipinga, na walivyoshinda ni kwa kupeleka maandishi, vitabu vyao vya kale na makala ya jarida lao la madaktari ya mwaka 1953, ikafutwa 1997. Wangekuwa na bibi peke yake wasingeshinda.

Mwarobaini nao una kisa chake. Kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani walipata hataza Ulaya mwaka 1994 ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Ikapingwa, ikafutwa mwaka 2000, wakakata rufaa, rufaa ikatupwa mwaka 2005. Hesabu mwenyewe, miaka 11 tangu itolewe mpaka ife kabisa, kwa ajili ya mti ambao watu wamekuwa wakitumia majani na mbegu zake kufukuza wadudu tangu hatujazaliwa. Wahindi na wenzao wa Ulaya waloipinga walikuwa na uwezo wa kukaa kwenye kesi muda wote huo. Sisi ukiniambia tukapinge hataza Munich, Ujerumani, iliko ofisi ya hataza ya Ulaya, kwa ajili ya dawa ya kienyeji nitakuuliza nauli anatoa nani.

Baada ya hapo India wakafanya jambo la maana, wakaanza mwaka 2001 kujenga maktaba ya kompyuta ya ujuzi wao wa asili, iloandikwa kwa lugha ambazo wakaguzi wa nje wanazisoma. Yaani wanamjaza yule fundi wa kufikirika kichwa chake. Mimi naona hilo ndo kazi ambayo Zanzibar ingeanza nayo kabla hata ya kuhimiza vijana wakasajili hataza: kuandika kinachojulikana na mafundi wetu, waunda ngalawa, wakausha karafuu, wapikaji wa mafuta ya makonyo, wakulima wa mwani, kila kitu na tarehe yake, hata vile vitu vya kipumbavu, hasa vile vya kipumbavu kwa sababu ndivyo ambavyo hakuna mtu aliona haja ya kuviandika. Mkaguzi wa Harare, iliko ARIPO, ofisi ya hataza ya nchi kadhaa za Afrika, au wa Munich hawezi kusema kitu ni wazi kwa fundi ambae hajui kuwa yupo.

Mtu ataniambia mbona unabana, vijana wetu wanahitaji moyo, wape hataza wapate mtaji. Naelewa. Lakini tizama nani anabeba hasara. Ukimnyima mvumbuzi mmoja hataza aloistahiki, umemuonea mtu mmoja, nae bado anaweza kuuza kitu chake, kukata rufaa na kuwatangulia wenzake sokoni. Ukimpa mtu hataza ya kitu kilicho wazi umewafungia mafundi wote wa visiwa viwili kwa miaka 20, na hakuna hata mmoja kati yao anoweza kumlipa wakili wa kuifuta, kwahiyo hataza mbovu itabaki pale pale mpaka ife kwa umri. Kwa nchi ya mafundi wadogo wadogo kama hii mimi kwenye shaka nasema nyima. Na tuna nafasi ya kusema hivyo, mana mkataba wa TRIPS haukutaja popote hatua ya uvumbuzi iwe na urefu gani, na nchi zinazoitwa maskini kabisa, na Tanzania imo, zimepewa mpaka Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza wote. India, ambayo si maskini hivyo, iliitumia nafasi yake kwenye dawa: mwaka 2013 Mahakama Kuu yao iliinyima Novartis hataza ya Glivec, kwa sababu kubadilisha umbo la dawa inayojulikana bila ya kuongeza nguvu yake ya kutibu kwao haitoshi.

Na kwa vitu vidogo kuna mlango wa pembeni, modeli ya matumizi, ambayo ni kama hataza ndogo. Imo kwenye sheria yetu na Kenya wanayo kwenye sheria yao ya 2001, kule inadumu miaka 10 na hawakudai hatua ya uvumbuzi, kitu kiwe kipya na kinafanya kazi basi. Mbuzi ya umeme yenye kikinga vidole cha aina mpya, huko ndo kwake. Sijui kwa nini kila ukisikia hotuba ya ubunifu ni hataza, hataza, kama vile hiyo ya chini ni aibu. Tena na hao wanaopeleka mashine zao maonesho ya Nanenane, wanazifungua mbele ya kila mtu na kueleza kila skrubu, ndo wiki ya pili yake wanauliza habari za usajili, hapo suala la uwazi hata halifikiwi mana upya wenyewe umeshatiwa mashakani.

Nimalizie kwa mwani, mana huko ndo pagumu kweli na ndo naona majaribio haya yanapopata kazi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 na mpaka leo njia kubwa ni ile ile, mambo, yaani vigingi, yamepigwa mchangani, kamba imevutwa, na mbegu zimefungwa kwenye kamba moja moja kwa taitai, vile vijikamba vya plastiki. Bamvua maji yakikupwa wanawake wanashuka, wanainama maji ya magoti saa nzima nzima wanafunga na kufungua, vidole vinachubuka, taitai zinakatika na mwani unachukuliwa na mawimbi, vipande vya plastiki vinabaki pwani. Maji yamezidi joto, ile aina ya mwani inoitwa cottonii, yenye bei nzuri, inakufa kwenye maji madogo, na ukienda maji makubwa mawimbi ndo yanaichana zaidi.

Tuseme sasa wamekuja wawili. Mmoja ana sabuni ya mwani, mafuta ya nazi, magadi makali, unga wa mwani, mafuta ya karafuu kidogo kwa harufu. Ni sabuni nzuri, nimeitumia, lakini sabuni ya mafuta ya nazi inajulikana, kutia unga wa mmea kwenye sabuni kunajulikana, watu walitia mchaichai, mdalasini, liwa, mwani ulipokuwa wa bei ndogo wakatia mwani. Awe na jina zuri la biashara na akalisajili hilo jina lake, wateja watamjua kwalo.

Wa pili ni mama wa Kidoti ana kibanio. Tuseme ni kijiplastiki au kipande cha kifuu kilichochongwa, anakibana kwenye kamba kwa mkono mmoja chini ya maji bila ya kukiona, mwani ukiwa mdogo kinabana kidogo, ukinenepa kinajipanua, wimbi likivuta kinazidi kushika badala ya kuachia. Ukikitizama mezani ni kama kibanio cha nguo, na wa barazani atasema kile kile. Lakini kuanzia 1989 maelfu ya wanawake wamekuwa wakifunga taitai kila bamvua, watafiti wamekuja na kwenda, wanunuzi wanataka mwani zaidi, plastiki ipo, vifuu vimejaa kila uani, kila mtu analalamika vidole, na hakuna alofanya. Huyo mimi nampa, tena ya miaka 20.